Siku moja maishani mwangu: fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa watoto, Mombasa

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, chai ya rangi na mahamri ya jana, halafu mbio feri manake Likoni ukichelewa kidogo tu umekwisha.

Saa mbili. Wa kwanza ni katoto ka mwaka na nusu, ubongo wake uliumia upande mmoja, mkono wa kulia hautumii kabisa. Namvisha soksi ule mkono wa kushoto ulio mzima, ili alazimike kutumia wa kulia, kisha namwekea kijigari mbele. Mamake kanuna, "daktari, mbona wamtesa?" Namwelezea: mtoto akizaliwa kila upande wa ubongo umetuma neva hadi pande zote mbili za uti wa mgongo, na zinagombania nafasi huko, zinazofanya kazi zinabaki, zilizo kimya zinarudi nyuma. Profesa Janet Eyre wa Newcastle, Uingereza, ameyaonyesha haya kwa watoto wenyewe. Kwahivo ule mkono ukizembea leo unapoteza nafasi. Mama kimya, lakini soksi akaiacha.

Saa nne na nusu, hapa ndo napapenda. Nyanya kaja na mjukuu wa wiki tatu, kalala fofofo, ghafla kidole cha mguu chatingishika, kisha mkono, kisha mdomo. "Mwanangu, hili si zongo, si jicho baya?" Nikamwambia hapana nyanya, huyu yuko kazini. Neva zajiwasha zenyewe, msuli waruka, ngozi na msuli zarudisha habari kwenye uti wa mgongo, basi uti wajua neva gani ya hisia iunganishwe na msuli gani. Watafiti wa Lund, Sweden, waliandika 2003, walichezea mguso unaorudi kutoka mkia wa panya wachanga wakiwa usingizini, na rifleksi (mwili kujiitikia wenyewe bila kufikiri) ya kukwepa maumivu ikajifunza vibaya, mkia ukawa wakosea upande! Ila nilimsisitizia: akiamka yafaa iishe, ikiendelea akiwa macho, mlete hospitali siku hio hio, msingoje.

Saa saba viazi karai na ukwaju. Mwanafunzi wetu abisha ati lazima mtoto aguswe kwanza ndo asonge. Wapi! Kifaranga ndani ya yai hutikisika tangu siku ya 3 na nusu hivi, na mwanabiolojia Viktor Hamburger alionyesha miaka ya 1960 kwamba ukikata njia za hisia mguu bado wasonga. Mwendo watangulia, hisia yaja kuunyoosha. Hakuridhika, sawa tu.

Saa tisa mafaili, stima imepotea, joto usiseme.

Saa kumi na moja simu, mama wa asubuhi. "Daktari, ameivua soksi!" Kaivua na nini? "Kaivuta na ule mkono mbovu." Nikacheka mpaka watu wa feri wakanigeukia, nikamwambia basi mvishe tena.