Presha ya mapafu kwenye eko: ninavyoitafuta

Kazi yangu ni eko, yaani kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, na kipimo kilichonitoa jasho kuliko vyote ni presha ya mishipa ya mapafu. Mashine haiioni presha yenyewe. Inaona kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye vali ya trikaspidi, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia vya moyo. Kasi hiyo inazidishwa kwa yenyewe, kisha mara 4. Mita 3 kwa sekunde zinatoa mmHg 36, mita 3.5 zinatoa 49. Na mstari wa Dopla, ule unaopima kasi ya damu, ukiupiga mkondo kwa upande, tuseme nyuzi 30, presha ya 60 inasomeka 45. Mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi inayomsifia.

Kwa hiyo siridhiki na dirisha moja, yaani sehemu moja ya kifua ya kuweka probu. Kuna dada alikuja, vali yake ya mitrali, iliyo upande wa kushoto wa moyo, imebana kwa homa ya baridi yabisi. Kwenye ncha ya moyo nilipata kasi ya 2.9, kingo za mkondo zimefifia. Nikamwambia, "Dada, lalia zaidi ubavu wa kushoto, mkono uweke chini ya kichwa. Toa pumzi, bana hapohapo." Nikasogeza probu kuelekea mfupa wa kifua, nikapunguza geini (ukuzaji wa mawimbi kwenye picha) mpaka ule ukungu wa pembeni ukaondoka. 3.6! Kutoka 34 hadi 52, na moyo ni uleule.

Bado kuongeza presha ya atiria ya kulia, chumba cha juu cha kulia, ambayo hukadiriwa kwa mshipa mkubwa unaoingia humo. Mshipa huo, vena kava ya chini, ulikuwa na upana wa mm 24. Nikamwomba avute kamasi kama mwenye mafua, akacheka, tukarudia, ikasinyaa kidogo tu. Ikizidi mm 21 na isisinyae hata nusu, unaongeza 15. Jumla 67, ilimradi vali ya kuelekea mapafuni haijabana.

Uangalifu ni huohuo kwenye vipimo vingine: ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha kushoto, naipima upana chini kidogo ya ncha za vali ya mitrali, ikiwa imejaa, mstari ukikata chumba kwa pembe mraba. Ukikata mshazari unakikuza. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, nachukua wastani wa mapigo 5, hata foleni ikinuna.

Tukirudi kwenye presha, mkondo wa trikaspidi ukiwa hafifu mno, tunachoma maji ya chumvi yaliyotikiswa kwenye mshipa wa mkono ili uonekane. Ukigoma, naandika "haikupimika". Mara nyingi daktari wa wodini hupiga simu kuuliza, "Kwa hiyo ni kawaida?" Hapana, daktari, mkondo haukupatikana, soma nilivyoandika kuhusu ventrikali ya kulia, chumba kinachosukuma damu mapafuni.