Amsterdam: msugua vyombo aliyetupa mgongo

Kutoka kituo cha Amsterdam Centraal nilipanda tramu hadi jumba la makumbusho la Rijksmuseum. Anayefuata chapa za karatasi, yaani picha zilizochapwa kutoka bamba la shaba lililochongwa, asitegemee kuzikuta zote ukutani. Mwanga huziharibu, ndiyo maana nyingi hulazwa kwenye makasha, na kuziona hutaka miadi. Beba penseli, kalamu ya wino iache.

Nilimfuata Geertruydt Roghman, mchongaji wa chapa wa Kiholanzi aliyezaliwa 1625. Aliwahi kuchonga mandhari kutoka michoro ya mdogo wake, Roelant, lakini chapa zake 5 za wanawake kazini alizibuni mwenyewe: kushona, kukunja marinda, kusokota uzi, kupika, kusugua vyombo. Huyu wa mwisho ametupa mgongo. Uso hatuuoni, basi jicho halina pa kwenda ila kwenye kazi. Kwangu ndiye bora kuliko wote. Katika chapa ya Rembrandt, mchoraji wa Kiholanzi, ya 1635, mama mkaanga chapati za maji anaibiwa macho na mtoto anayemnyima mbwa chapati yake.

Sogeza kioo cha kukuzia kwenye vyombo. Mng'ao ule si rangi nyeupe, ni karatasi iliyoachwa tupu katikati ya mistari. Na ukiona mtu anafanya kazi kwa mkono wa kushoto, usiharakishe kusema ni mashoto: chapa hutoka kinyume na bamba, na mchongaji asipougeuza mchoro kwanza, mkono wa kulia huwa wa kushoto.

Kisha nilitembea hadi mtaa wa Jodenbreestraat, kwenye nyumba aliyoishi Rembrandt kuanzia 1639 hadi 1658, ambako huonyeshwa uchapaji. Bamba la shaba hupakwa wino mzito hadi uingie mifereji yote iliyochongwa, hufutwa kwa kitambaa, kisha kwa kiganja. Hapo ndipo wengi huharibu: ukifuta mno unang'oa wino mferejini, mstari unatoka hafifu. Karatasi huloweshwa mapema. Ikiwa kavu haiingii mferejini, ikichuruzika maji inaukataa wino. Juu yake huwekwa blanketi za sufu, vyote vikapita kati ya rola mbili.

Kila mkandamizo hulilaza bamba kidogo, na mistari myembamba ndiyo hutangulia kufa. Ukikutana na nakala ya Roghman iliyopauka, yenye sketi isiyo na vivuli, usimlaumu mkono wake. Omba nakala ya mapema.