Mafuvu Yaliyobaki Bremen

Nilikuwa nikifundisha historia katika shule ya sekondari nilipowapeleka wanafunzi wangu Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ili walione fuvu la Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa wa Wahehe, ambalo hadi siku hiyo walikuwa wamelisoma vitabuni tu. Makumbusho yale ni madogo, kwa hiyo niliwagawa katika makundi, mimi nikabaki ndani karibu na kabati la kioo. Nilitarajia vicheko vya woga, maana vijana wakiona mfupa wa binadamu hawajui waelekeze wapi macho, lakini hakuna aliyecheka.

Mzee aliyetuongoza alianza na vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo Wahehe walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski na kumuua yeye mwenyewe. Kisha akaeleza jinsi ngome ya Kalenga ilivyoangushwa mwaka 1894, na jinsi Mkwawa alivyoendelea kuwasumbua Wajerumani porini kwa karibu miaka minne, huku kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, hadi alipojipiga risasi mwezi Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani wakakikata kichwa. Hilo alilisema kwa maneno machache, na hayakuhitaji kuongezewa.

Aliporefusha maelezo ni kwenye habari za kurejeshwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6, lakini ilipita zaidi ya miaka 30 kabla Edward Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, hajafika Bremen, Ujerumani, mwaka 1953 na kuonyeshwa mafuvu yapatayo 2,000 katika makumbusho ya huko, 84 kati yake yakiwa yametoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vipimo vya mafuvu hayo vililinganishwa na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na katika yale yaliyokaribiana likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa.

Hapo msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na hayo 83 yalikuwa ya nani?"

Nilimtazama mzee. "Mwanangu," akamjibu, "hayo hayakuandikwa kwenye mkataba."

Swali lile tulitoka nalo nje, tukakaa chini ya mti, na somo nililokuwa nimeliandaa nikaliacha. Niliwaeleza kwamba wasomi wa Ulaya kama Felix von Luschan wa Berlin waliwaomba maofisa na madaktari wa makoloni wawatumie mafuvu, wakayapima ili wawapange binadamu kwa mbari, na kwamba kipimo kilekile kilichowageuza marehemu hao kuwa vielelezo vya rafuni ndicho kilichotumika kumtafuta mmoja wao. Ndiyo maana wapo wanahistoria wenye shaka kama fuvu la Kalenga ni la Mkwawa kweli. Mimi naamini shaka hiyo haiipunguzii Kalenga heshima hata kidogo: kama si la Mtwa, basi ni la mmoja wa wale ambao hakuna mkataba uliowataja, naye alistahili kurudi sawa na Mkwawa. Niliwasimulia pia habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wengine mwezi Machi 1900, na ambaye familia yake inaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Mwezi Septemba 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba, katika uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki, vinasaba vya baadhi yake vililingana na vya watu walio hai Tanzania. La Mangi Meli halikupatikana, lakini la Akida, mshauri wake, lilipatikana. Nilimtumia habari hiyo yule msichana, ambaye alikuwa amekwisha kumaliza shule. Aliniuliza kama familia ya Akida ilikuwa tayari imekabidhiwa ndugu yao. Nilimjibu kwamba bado.