Siku moja maishani mwangu: trei za mayai, dagaa na mbwa wa wenye safari

Saa 12 asubuhi

Wiki hii ya Krismasi Arusha imepungua watu. Wachaga wamekwenda kuhesabiwa Rombo na Machame, wenye nauli ya boti wako Zanzibar, na mbwa wao, naona, wote wameletwa kwetu Njiro. Mimi ni mtunzaji kwenye nyumba inayopokea mbwa wa wenye safari. Mabanda yamejaa, na kabla sijamaliza kufungua geti kelele zimeshawaamsha majirani.

Kazi ya kwanza ni kuzoa kinyesi, kumwaga maji ya jana na kuweka mapya, huku nikimtazama kila mmoja anavyotoka: nani anachechemea, nani hakugusa chakula cha jana, nani tumbo limevuruga. Kisha napima chakula cha kutwa cha kila mbwa na kukiweka kwenye kopo lenye jina lake. Chakula hicho kwa sehemu kubwa hakitafika kwenye bakuli. Kitaliwa kwa kutafutwa, na ndiyo maana nakipima mapema. Wengi hudhani michezo ni vitafunwa juu ya mlo, halafu wanashangaa mbwa hapiti mlangoni.

Saa 1

Matembezi. Natoka na mmoja mmoja, kwa kamba ndefu, na wa kwanza ni Komando, dume la malinoi, aina ya mbwa wa kazi wenye nguvu zisizoisha. Mwenyewe alipomleta aliniagiza: "Kaka, huyu umkimbize mpaka alale chini." Nilimwitikia vizuri, ila simkimbizi. Malinoi ukimkimbiza kila siku unamjengea pumzi tu. Mwezi ujao atataka mara mbili ya hapo, na wewe huna hayo mapafu.

Kinachomchosha mbwa ni pua. Mtu ana vipokezi vya harufu kama milioni 5 au 6. Mbwa anaweza kufika milioni 300. Hata pumzi anayotoa hupitia kwenye mipasuko ya pembeni mwa pua, ili isipeperushe harufu aliyo nayo mbele. Kwa hiyo Komando akisimama kwenye nguzo ya umeme, nami nasimama. Kutoka getini hadi mfereji wa maji ni hatua chache, na tunatumia sehemu kubwa ya saa nzima. Bodaboda wa kijiweni wananicheka: "We chalii, mbwa amekushinda nguvu?" Wacheke. Akirudi bandani hali waya.

Njiani jicho langu liko chini muda wote, kwa sababu ya miparachichi. Kokwa la parachichi ni zuri sana kuchezewa machoni pa mbwa, na likimezwa linaziba utumbo.

Saa 2 na nusu

Kifungua kinywa. Hapa ndipo Mangi wa duka la kona anapoingia. Ananiwekea trei za mayai na maboksi matupu, nami nachagua: trei yenye ute uliokauka siichukui, boksi lenye pini za chuma silichukui.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Unamwaga chakula kikavu kwenye vishimo vya trei, unaongeza dagaa wachache waliooshwa kuondoa chumvi na kukaushwa, unafunika kwa trei ya pili, unatia zote ndani ya boksi lenye magazeti yaliyofinyangwa, basi. Mbwa atajua mwenyewe. Ila kila mmoja apewe bandani kwake, mlango umefungwa. Hata ndugu wa tumbo moja wanaolala wamekumbatiana, weka chakula kilichofichwa katikati yao uone meno.

Leo nimempa Popi kwanza. Popi ni koko. Familia yake ilimwokota sokoni Kilombero akiwa mdogo. Boksi amelipindua, akakanyaga trei kwa mguu wa mbele, akafunua kwa pua, kamaliza kabla sijafika banda la tatu. Simba, German Shepherd aliyekuja na cheti cha ukoo wake mpaka kwa babu wa babu, amelinusa boksi, akakaa, akanitazama. Anangoja mhudumu. Nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba mtu akimdharau koko mbele yangu namwambia tu asubiri saa mbili na nusu.

Simba nimemrahisishia: trei moja, haijafunikwa. Mbwa asiyezoea ukimpa fumbo gumu siku ya kwanza anakata tamaa au anakasirika, na wewe unasema hana akili. Mwanzoni apate ndani ya dakika moja. Ugumu unakuja baadaye, kidogo kidogo.

Kuchana boksi ni ruhusa. Kuchana nako ni kazi. Asiyeruhusiwa ni Tembo, boerboel, aina ya mbwa mkubwa wa ulinzi, kwa sababu yeye hachani, anameza. Huyo ana zulia lake la kunusia. Nilitengeneza kwa kapeti la mpira la mlangoni, lile lenye matundu, na sweta za mitumba zilizokatwa vipande vyenye upana wa vidole viwili. Kila kipande kinaingia tundu moja, kinatokea la pili, kinafungwa fundo. Inachukua jioni mbili tatu ukiwa unasikiliza mpira redioni. Ukimwaga chakula humo na kukitikisa kinazama kwenye vitambaa, na Tembo anakitafuta punje kwa punje. Akishamaliza nalitoa, maana likibaki bandani litaliwa pia.

Saa 4 na nusu

Uwanjani, kabla jua halijakaza. Nina tairi kuukuu zilizolazwa, ubao juu ya matofali, na ngazi ya mbao iliyolala chini. Watu huipita ngazi wakidhani fundi ameisahau. Mbwa wengi hawana habari na miguu yao ya nyuma. Ya mbele inaamua, ya nyuma inafuata. Kwenye ngazi inabidi afikirie kila mguu unatua wapi, tena polepole. Ukimwona Simba hapo, ulimi nje, utadhani amebeba gunia.

Duma, mtoto wa miezi mitano, anapata ufito. Ni mpini wa fagio wenye kamba ya katani na tambara mwishoni, nalivuta chini ardhini aliwinde. Chini, siyo hewani. Mifupa yake bado inakua, na kuruka na kutua kwa kujipinda si kwa umri wake. Na kila baada ya kukimbiza kidogo nasimamisha: "Acha." Akiacha, tunaendelea. Kuacha ndiyo sehemu ninayoithamini zaidi katika mchezo huu, maana mbwa anayejua kuacha tambara akiwa na mori ataacha pia kuku wa jirani.

Mpira wa kurusha tunao, upo ndani ya ndoo, na mimi siuchukui mara nyingi. Kijana tunayefanya naye kazi anaupenda. Tunabishana.

Saa 7 mchana

Makande, kivuli, kimya. Mbwa mzima hulala zaidi ya nusu ya siku, na anayenyimwa huo usingizi kwa jina la kuchangamshwa anakuwa mkorofi kama mtoto aliyekosa kulala. Kila mmoja anapata tonge lake la barafu: supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, imegandishwa kwenye kopo la mtindi. Kulamba kunawatuliza. Mifupa yenyewe iliyopikwa hawapewi. Ikitafunwa inavunjika vichane vyenye ncha.

Saa 9

Hii ndiyo saa yangu. Namtoa Bibi.

Bibi ni labrado mzee, jicho moja lina mtoto wa jicho na la pili linaelekea huko, nyonga zimechoka. Alipoletwa, mama mwenye nyumba alisema: "Huyu hana shida, mwanangu, analala tu." Nikasema sawa mama, shikamoo, safari njema. Kumbe Bibi alikuwa analala kwa kukosa la kufanya.

Huko Marekani kuna mashindano ya kunusa kwa mbwa wa nyumbani, na harufu tatu za msingi ni mti wa birch, anisi na karafuu. Mbili za kwanza sijui nizipate wapi. Karafuu iko kwa Mangi, imetoka Unguja na Pemba. Nazitia chache kwenye kikopo chenye kifuniko nilichotoboa kwa msumari, ili harufu itoke na karafuu zisitoke. Kuzila kunaweza kumdhuru. Mwanzo nilimnusisha tu, ananusa, anapata dagaa. Kisha kikopo kikaingia kwenye boksi moja kati ya maboksi yaliyo tupu. Sasa nakificha popote: nyuma ya jiko la mkaa, ndani ya tairi, chini ya ndoo iliyopinduliwa.

Leo kiko kwenye mfuko wa koti la mvua lililotundikwa ukutani. Bibi ameanza mbali, pua chini, akaenda akazunguka, akapita, akasimama, akarudi. Kichwa kikapanda. Akakaa chini ya koti, akanigeuzia jicho lake bovu. Dagaa watatu!

Si mbali na hapa, Usa River, shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation wamefundisha mbwa wa kunusa meno ya tembo na pembe za faru kwenye bandari na viwanja vya ndege. Kanuni ndiyo hiyo hiyo: harufu, kutulia hapo ilipo, malipo.

Komando anafuata, yeye namchezea karata tatu kama matapeli wa stendi, ila kwa vikombe vya plastiki. Dagaa chini ya kimoja, nazungusha. Anafuata mkono wangu kwa macho na anapoteza kila mara. Popi hatazami mkono kabisa, ananusa vikombe na kuchukua chake. Matapeli wangefilisika.

Saa 11 jioni

Mvua imepiga kidogo. Mama mmoja wa jirani ameleta keki ya Krismasi, "na wao wale sikukuu." Nimeshukuru nikaiweka juu kabisa ya kabati. Ina zabibu kavu, na zabibu zinaweza kuharibu figo za mbwa hata akila chache. Chokoleti pia hapana, kitunguu hapana. Keki tumekula sisi.

Saa 12 na nusu jioni

Mlo wa pili. Wengine trei tena, Komando chupa. Fremu ni ya mbao, katikati kuna fimbo iliyopenya chupa tatu za maji zisizo na vifuniko wala pete za shingoni. Chupa akiipiga inageuka, punje zinamwagika. Nakaa karibu mpaka amalize, chupa zikianza kupasuka natupa. Banda lake sasa limetulia; usiku wa kwanza alitafuna kizingiti cha mlango.

Saa 2 usiku

Namkabidhi mlinzi funguo, "shikamoo mzee," "marahaba, wamelala?" Wamelala.

Simu inaita, mwenye Komando, Rombo, nyuma yake muziki na watu. Anauliza kama nimemkimbiza. Namtumia video ya chupa. Kimya kidogo, halafu: "Hiyo mashine umenunua shilingi ngapi?" Namwambia mbao za kuokota na misumari. Anataka aikute tayari akirudi. Namwambia nitamtengenezea, ila trei za mayai ya keki za huko asizitupe, apakie kwenye buti.