Wa Tatu Kutoka Kushoto

Kitabu nilikipata kwa mjomba wangu Mombasa, chini ya rundo la magazeti ya zamani. Ni historia ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki: picha tele, maneno machache, jalada limetafunwa na mende. Mjomba akasema nichukue, yeye macho hayamruhusu tena. Ndiyo maana Jumamosi moja nilijikuta Voi, nimekaa mbele kando ya dereva, kitabu mapajani, naelekea Taveta.

Siku hizi barabara ni lami hadi mwisho. Ukipita Mwatate unaingia kwenye mkonge, safu kwa safu, halafu milima ya Taita inabaki kulia kwako na mbele ni nyika tupu ya udongo mwekundu. Njia ya zamani ya reli unaiona mara kwa mara ikijichomoza vichakani na kupotea tena. Kwangu hiyo reli ilikuwa sababu ya safari. Agosti 1914, vita vikiwa na siku chache tu, Wajerumani walivuka mpaka wakaishika Taveta. Kutoka huko wakawa wanatuma vikosi vidogo usiku, vimebeba baruti, kwenda kulipua reli ya Uganda, ile itokayo Mombasa na kupita Voi. Waingereza nao mwaka 1915 wakaanza kuivuta reli nyingine kutoka Voi ielekee kwa adui, na mabomba ya maji kutoka milima ya Bura yakafuata, maana nyika hii haina kijito. Nilimwambia dereva hivyo. Akajibu kwamba hata leo maji ni shida ileile, na akaongeza sauti ya redio.

Maktau tulipasuka gurudumu. Abiria walinung'unika, mimi nikashukuru kimoyomoyo. Karibu na stesheni ya zamani yapo makaburi ya askari wa Kihindi waliokuja kupigana vita visivyowahusu. Nilifungua kitabu nikapata picha ya kambi ya Maktau: mahema, mifuko ya mchanga, maofisa wanne wamekaa kwenye viti vya turubai. Kila mmoja jina lake limeandikwa chini, na cheo, na kikosi. Ukurasa unaofuata ni msafara wa watu wanaotembea kwa mstari mmoja, masanduku kichwani. Chini yake pana neno moja tu: wapagazi.

Niliitazama picha ile hadi makanga akaniita.

Huwezi kuielewa vita ile bila wale watu. Farasi na maksai walikufa kwa mbung'o, malori yalizama matopeni mvua ikinyesha, kwa hiyo risasi, unga, dawa, hata vipande vya mizinga vilipanda vichwani. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanaume waliochukuliwa ni mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, kwa sheria iliyotungwa 1915. Waliokufa, kwa hesabu rasmi, walizidi 95,000. Risasi iliwaua wachache. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na posho ya unga usioiva vizuri kwa mtu aliyetoka kwao akila ndizi au wimbi. Mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, inaitwa hivyo kwa sababu yao, jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, lilivyotamkwa na midomo yetu. Nimepanda basi Kariokor miaka sita bila kulifikiria hilo.

Kabla ya Taveta, Salaita ilitokea upande wa barabara. Nilitarajia mlima, ni kichuguu kilichonenepa. Hapa, tarehe 12 Februari 1916, askari wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nyika hii, walitumwa na Waingereza wakaivamie ngome ya Wajerumani. Mizinga ikatwanga kilele asubuhi yote, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, mguuni mwa kilima, yamefichwa na miiba. Waafrika Kusini zaidi ya 130 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, na waliobaki wakakimbia. Waliowafunika wasimalizwe ni Wabaluchi, askari wa Kihindi ambao wale wenzao walikuwa wakiwadharau waziwazi. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliwarudishia bombomu walilolitupa njiani, pamoja na ujumbe wa kuwaomba waache kuwaita makuli. Hiyo picha haimo kitabuni. Ningelipa kuiona.

Dereva alinionyesha na mbuyu wenye tundu, akasema mwanamke wa Kijerumani alijificha humo akiwalenga Waingereza. Kila dereva wa njia hii ana mbuyu wake na mwanamke wake, nadhani.

Taveta ilikuwa siku ya soko. Nilipitia kwanza makaburi ya vita: mawe yamepangwa safu, majina, vyeo, tarehe, nyasi zimefyekwa. Nilitembea safu zote nikimtafuta mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa sababu hiyo hasa, kwamba Waafrika na Waasia wengi mno waliachwa bila jina wala jiwe. Radhi nimeisoma. Jiwe sijaliona.

Sokoni nilinunua ndizi kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipanga mikungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kitabu ni cha shule?"

Nikamfungulia ule ukurasa wa msafara. Alijifuta mikono kwenye leso, akakishika mbali kidogo na uso kama wafanyavyo wenye macho ya karibu mabovu. Hakuuliza vita gani. Alipitisha kidole kichwa kwa kichwa, taratibu, akasimama kwa wa tatu kutoka kushoto.

"Huyu ngata yake imelegea," alisema. "Tazama, sanduku limekaa upande. Hapa shingo yote inawaka moto, na mbele bado ni mbali."

Akanirudishia kitabu, akageukia mteja mwingine.