Ugoro wa Babu na Bunduki ya Nyuki

Jana nimepanda daladala ya Raskazone, nikakaa siti ya nyuma, pembeni yangu bibi mmoja kajitanda kanga mpaka kichwani. Tumefika Chumbageni akatoa kikopo chake, akachota ugoro, akavuta taratibu kama hana haraka na dunia. Mi huyo. Chafya saba, nimezihesabu, konda ananiambia "pole dada, pole dada" mpaka akachoka. Bibi wala hakunitazama. Ila ile harufu imeniharibia siku nzima, maana mara ya mwisho ugoro kunipiga hivyo ilikuwa 1997, kwenye karakana ya yule fundi bunduki kule Ngamiani.

Bunduki ya Baba mnaijua, ilikuwa hakuna Idi inapita bila kutajwa. Baba yake Babu aliiokota Raskazone Novemba 1914, Waingereza walipoleta watu kama elfu nane kwenye meli, wengi wao askari kutoka India, wakijua Tanga wataichukua kabla ya chai. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama elfu moja tu na askari wake wengi bado wanatumia yale mabunduki ya Mauser ya 1871 yanayotoa moshi kama jiko la kuni. Basi risasi zikachokoza mizinga ya nyuki, nyuki hawana cha Mjerumani wala Mwingereza, watu wakakimbilia baharini. Waliporudi melini wakaacha bunduki mamia na risasi kama laki sita. Sasa katika hizo mamia, moja ndo ya kwetu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Masika ya 1997 mchwa wakaingia sandukuni. Baba akaenda kuikaguzisha kama kila mwaka, askari akavuta bolti ikagoma, akashika kitako kikabaki mkononi mwake, ndani kitupu kama sambusa isiyo na nyama. Akamwambia mzee, hii ama uipeleke kwa fundi mwenye kibali ama uisalimishe. Kusalimisha! Baba hakula siku mbili. Akauza mbuzi wawili, kaka zangu wote walikuwa Dar, nikaambiwa mimi ndo nitambebea. Ndo hivyo tukatoka Muheza na basi la asubuhi, bunduki imeviringishwa kwenye mkeka, barua ya polisi Baba kaishika mkononi njia nzima kama tiketi.

Fundi alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa na uzi, nje ya karakana baiskeli zimening'inia maana bunduki peke yake hazimlishi mtu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Akaufungua mkeka, akaitazama ile bunduki kwa muda mrefu, mrefu kweli. Baba akaanza, "Fundi, hii Maki Foo ya marehemu baba yangu ina historia..." Maki Foo ndo Mark Four, bunduki ya Kiingereza ya toleo la nne. Na nyuki wakaanza kuruka. Fundi anasema "ehe" tu. Alipofika kwenye watu kurukia baharini, Fundi akamwambia, "Mzee mwenzangu, nenda pale barazani kanywe kahawa, hii kazi ya leo ni ya kufungua tu, binti atanishikia taa."

Nikashika taa. Kwanza akatoa bolti, akaelekeza mtutu dirishani, akaniambia chungulia. Niliona giza na vipele vya kutu. Akapitisha brashi yenye mafuta ya taa mara sijui ngapi, kisha akachukua birika la maji yanayochemka, akaweka mrija, akayamwaga yote kwenye mtutu. Nikaruka. Akacheka, akasema askari wa zamani ndo walivyokuwa wakifanya, chumvi ya fataki haitoki kwa mafuta, inataka maji ya moto kama sufuria ya samaki. Akafuta, akapaka mafuta, akaniambia chungulia tena. Jamani. Mistari mitano inajizungusha kuelekea kushoto, inang'aa, mpaka kule mwisho kuna duara dogo la mwanga na ndani yake mguu wa mtu anapita barabarani na ndala ya bluu. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile ndala.

Afu ndo akageukia kitako, au tuseme kilichobaki. Nyuma yake kuna bamba la shaba, na kwenye bamba kuna kijimlango. Sikuwahi kujua kama kinafunguka, tulidhani ni urembo. Fundi akasema humu askari aliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia, akatia bisibisi, akabinya, kikagoma, akainamisha uso karibu kabisa, akabinya tena, PAA. Lilitoka wingu. Fundi alipiga chafya miwani ikaruka, mimi nikapiga chafya taa ikazima, kijana wa baiskeli akaingia mbio kuuliza kuna nini naye akaanza, tukawa watu watatu gizani tunalia machozi hakuna anayeweza kusema neno. Babu, mtu aliyewaapia wajumbe na shehe na Bibi kwamba ugoro ameacha, alikuwa anauficha kwenye kitako cha bunduki. Sandukuni, chini ya kitanda alicholala na Bibi! Kichupa cha shaba nacho kilikuwemo, kimejaa ugoro vilevile.

Tulipotulia nikawasha taa, na ndo Fundi akiwa bado anafuta macho akaniambia, "Mwanangu, wewe una macho, hebu nisomee hapa." Ni upande wa kulia, pale chuma kinaposhika kitako. Akasugua kwa kidole. Kuna taji, kuna herufi GR, Enfield, 1917, mstari wa chini III na kinyota.

"Kwanza hii si Maki Foo," akasema. "Watu wanaziita zote Maki Foo. Hii ni ya tatu, na hiyo nyota wameiongeza 1916, vita imewazidi, wakapunguza vikorombwezo ili zitoke haraka kiwandani. Unaona hapa hakuna kile kibati cha kufunika magazini? Hii ilizaliwa hivihivi." Akanyamaza kidogo. "Tanga walipigana lini?"

Nikamwambia kumi na nne. Akaokota miwani yake chini, akaivaa, akaendelea kufungua skrubu.

Nikauliza, sasa Baba tumwambie? Akasema yeye kalipwa kutengeneza bunduki.

Kazi ilichukua miezi miwili. Kitako na mbao ya mbele akachonga upya kwa mninga, alisema wenyewe walitumia mti wa kwao lakini mninga hauna aibu. Mbao ya mbele ndo ilimtesa, isipokaa sawasawa na mtutu risasi inahama, kwa hiyo anapiga tupa, anapachika, anatoa, anapiga msasa, siku nzima hivyo. Kichwa cha bolti nacho kilikuwa kimelika, bolti ikifungwa inabaki na nafasi, akamwaga kopo zima la vichwa vya zamani mezani akawa anajaribisha kimoja kimoja na geji yake mpaka kikapatikana. Mwisho mafuta ya linsidi, mkono baada ya mkono, mbao ikawa nyekundu kama halua. Polisi wakaipitisha.

Siku ya kuichukua Baba aliipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa akika. Akamsimulia Fundi habari ya nyuki tangu mwanzo, safari hii mpaka mwisho, na Fundi akasikiliza yote, tena akauliza, "Na hao nyuki walikuwa wengi?" Baba akafurahi mno. Mi nikatazama baiskeli.

Baba kafariki 2009, bunduki tukaisalimisha kwa taratibu zake, hakuna aliyetaka leseni. Babu aliitoa wapi kwa kweli, sijui, labda kwa mzungu wa mkonge, labda aliinunua kihalali tu dukani na akaona aibu kusema. Au baba yake ndo alimdanganya yeye. Mara nyingine nawaza labda ipo kweli iliyookotwa, ikauzwa au ikapotea, hii ikarithi hadithi yake.

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu kaomba picha ya bunduki ya nyuki, anataka kuwaonyesha wenzake shuleni. Nimemtumia, ni moja tu ninayo, nimeipiga mwenyewe siku ile nje ya karakana. Baba kaishika kifuani, amenyooka, anacheka. Kwanza aliishika kinyume, nikamwambia Baba geuza, mtutu uende mkono wako wa kulia, hapo jua linapiga vizuri.

Saa sita mchana ile, jua lilikuwa utosini.