Kasia la baba

Juzi mwanangu kaibuka na kasia kutoka nyuma ya mlango wa stoo. "Mama, mtumbwi hatuna. Hili la nini?"

Mtumbwi na mashine yake vilikwenda India. Yaani viliuzwa, baba akaenda na kaka kutibiwa uvimbe wa ini. Habari za viza na michango ya ukoo naziruka, zinanichosha hata kuziandika.

Huko walimpitisha mrija mwembamba kinenani hadi kwenye ateri ya ini, wakamwaga vijipira vya kioo, vyembamba kuliko unywele, vyenye itriamu-90, madini yanayotoa mionzi. Baba alinieleza kwenye simu kivuvi: "Ini linakula zaidi kwenye mshipa mwingine. Uvimbe unajilia kwenye huu. Wameutegea chambo hapohapo." Mionzi yake mwilini hupenya milimita chache tu, na nguvu hupungua nusu kila saa 64. "Kama karabai inayoishiwa mafuta," akasema.

Alitua Kirumba, Mwanza, siku ya sita baada ya tiba. Aliambiwa wiki nzima asikae karibu na watoto wala wajawazito. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba.

Nilimkuta barazani, sweta la safarini bado mwilini na joto lote lile. Nikashuka kwenye bodaboda, nikamwendea. Akanyoosha kasia. Ncha yake ikasimama mbele ya kitenge, usawa wa kitovu, bila kunigusa. Ilikuwa na ufa uliofungwa kwa nailoni ya nyavu. Mkono ulimtetemeka, na ile nailoni ikawa inachezacheza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ishia hapo."

Nikacheka. Hakucheka. Mama akaleta kigoda, akakiweka penye ncha kabisa, nikala sato wangu hapo.

Siku ya saba ikapita, ya kumi ikapita. Daktari akasema kwenye simu kwamba inatosha sasa. Baba akajibu kwamba daktari hajawahi kuunguzwa na karabai iliyozimwa. Mtoto alimpakata siku ya arobaini tangu azaliwe, dakika mbili, akamrudisha. Uvimbe ulikuwa umenywea, ukaja mwingine. Mwaka haukuisha.

Kuna siku naamini aliogopa mionzi kweli. Kuna siku nadhani hakutaka nione kwa karibu alivyokonda.

Nilimweleza mwanangu kwa kifupi. Akalilaza kasia sakafuni, akasimama mwisho wake, akaniangalia.

"Mbona karibu hivi?"

Nikamwambia alirudishe stoo, kabla halijavunja sahani.